Andika Bado

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Wairimu kule Longonot, kwenye shamba la binti yake, na wakati wengine wakiimba mimi nilikuwa nimeishika simu mfukoni kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Sikuwa nangoja kupigiwa. Kwenye simu ile kuna meseji arobaini na moja ambazo hazikuwa zangu na ambazo sijawahi kuzifuta. Kila nikinunua simu mpya huzihamisha kwanza, kabla ya picha za watoto wangu, na mume wangu aliacha zamani kuniuliza kwa nini. Baada ya mazishi Wairimu mwenyewe, huyo binti, aliniletea sahani ya wali na viazi, akaketi kando yangu chini ya hema, akaniuliza kama bado naandika programu za kompyuta. Nikamwambia naandika. Akaniuliza kama bado ni mwoga. Nilicheka, nikajaza mdomo chakula, kwa sababu jibu la kweli lingekuwa refu na watu walikuwa wanakula.

Jibu la kweli ni ndiyo, na woga wenyewe naujua ulikotoka. Sitasimulia nilizaliwa wapi wala nilisomeshwa na nani, hayo hayahusiki. Mwaka unaohusika ni ule niliofikisha miaka ishirini na minne, nikaajiriwa katika ofisi ya vyumba viwili mjini Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda kupitia sakafu ya mbao ikaingia kila mahali, hata kwenye chapati na maharagwe niliyonunua mchana, na hadi leo nikikaribia duka la aina hiyo huvuka barabara. Tulikuwa wafanyakazi wawili tu: mimi, na Chebet aliyeniajiri, mwanamke mrefu wa kutoka Molo aliyekunywa chai yenye maziwa mengi kuliko maji. Kati ya chumba chake na changu kulikuwa na ukuta wa plaiwudi. Alisikia kila nilichofanya, hata nilipopumua kwa nguvu. Hakupenda kuitwa Madam, nami sikuweza kumwita kitu kingine.

Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wa Kihoto, kule Naivasha. Ziwa lilikuwa linapanda mwaka ule, na kamati ya wakazi pamoja na kanisa lao walitaka programu ya kuwaonya. Mzee mmoja angesoma kila siku mti wa kupimia uliosimikwa majini na kupakwa alama za rangi, atume kipimo, na maji yakipita alama fulani programu iandikie kila nyumba meseji, ikiwaita kwa jina, iwaambie watoke. Ukiisikia hivyo ni kazi ndogo. Lakini Chebet hakutumia lugha ya kompyuta niliyosomea mimi. Yake ilitaka kila kitu kitangazwe ni cha aina gani, hii ni namba, hii ni maandishi, hii ni tarehe, na kabla programu haijafanya lolote kulikuwa na mkaguzi ndani yake aliyesoma kila mstari na kukataa ukichanganya aina. Sisi tulimwita soja, kama yule wa getini anayekuuliza unaenda nyumba gani, unamtaka nani, na kitambulisho kiko wapi. Akikataa, kioo cha kompyuta kilijaa maandishi mekundu.

"Soja amesemaje?" Chebet aliuliza kutoka ng'ambo ya plaiwudi, na mimi jasho lilinitoka kwapani hata asubuhi ya baridi. Juma la kwanza nilitangaza namba ya simu kuwa namba, kwa sababu jina lenyewe linasema hivyo, na kwa kuwa kompyuta haitunzi sifuri mbele ya namba, ile sifuri ya mwanzo ikaliwa katika kila simu. Chebet alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. "Ukijumlisha simu yangu na yako utapata nini?" Nikasema sitapata kitu. "Basi si namba, Nyambura. Ni maandishi. Soja angekwambia, lakini wewe ulimwambia uongo pale mwanzo." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Kitu kilichonitesa zaidi tulikiita Labda. Mambo mengi huenda yapo na huenda hayapo: mtu huenda ana simu na huenda hana, kipimo huenda kimetumwa na huenda hakikutumwa. Basi kitu cha namna hiyo unakitia ndani ya Labda, na ukikifungua utakuta moja kati ya mawili, Kuna, na ndani yake kitu chenyewe, ama Hakuna. Soja hakukubali ukifungue kana kwamba lazima kimo. Alikuuliza, na ikiwa ni Hakuna, utafanya nini? Hukupita mpaka umjibu. Siku moja mzee wa kusoma mti alienda matangani, hakutuma kipimo siku mbili, na mimi pale pa Hakuna nilikuwa nimejibu sifuri. Mchoro wetu ukaonyesha ziwa limekauka lote. Chebet aliutazama, kikombe mkononi. "Sifuri ni ziwa limekauka. Hakuna ni sisi hatujui. Wewe umeona ziwa limekauka?" Nilisema sijaona. Niliporudi chumbani kwangu, mtaa wa Rhonda, jioni ile niliketi kitandani na viatu, nikisikia majirani wakibishana juu ya zamu ya kufua, nikafikiri kwamba nitafutwa kazi kabla ya mwezi kuisha. Siku hizi mimi ndiye ninayesimama nyuma ya viti vya vijana, na nikiona sifuri pale pa Hakuna mabega hunipanda mpaka masikioni, ingawa hao vijana hawaniogopi hata kidogo.

Mwezi wa nne tulienda Kihoto kuandikisha nyumba. Ndipo nilipomjua Mama Wairimu, mjane wa miaka sitini na kitu aliyeishi peke yake kwenye chumba cha mabati karibu na mashine ya posho, ile ya kusaga mahindi. Kuta zake kwa ndani alizifunika kwa maboksi ya maua yaliyokunjuliwa, yale ya kusafirishia waridi, hivi kwamba ulipoketi ulizungukwa na picha za waridi zilizosimama kichwa chini. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma. Alinipa githeri ya mahindi na maharagwe yenye viazi na kunisimamia mpaka nikamaliza, ndipo akakubali kuulizwa maswali.

"Una simu, mathe?"

"Simu? Bado."

"Huna, sindio?"

"Nimekwambia bado. Wairimu ataniletea akikuja. Andika bado."

Nikaandika bado. Akauliza hiyo meseji yetu itasema nini. Nikamweleza itamwita kwa jina, imwambie maji yanapanda, atoke aende kanisani. Alifurahi. "Itaniita kwa jina? Hiyo ni mzuri. Hawa majirani wangu kila mvua ikinyesha wanapiga nduru ati maji, maji. Mara tatu nimehama na godoro kwa kichwa na hakukuwa na kitu. Sasa mimi sitoki tena kwa sababu ya nduru. Nitatoka meseji ikiniita." Nilicheka naye. Nilikuwa nimeshiba, jua lilikuwa linawaka, na ziwa lilikuwa mbali, mstari mwembamba nyuma ya miti.

Ofisini nilipoingiza fomu kwenye kompyuta, pale pa simu palikuwa na Kuna au Hakuna, basi. Fomu zangu zilikuwa na maneno ya kila namna. Iko kwa fundi. Ya jirani. Nitaleta. Hana. Bado. Nilizipitia nikitafuna njugu, na kila iliyokosa tarakimu nikaipa Hakuna, nikiona yote ni mamoja.

Ijumaa moja alasiri, kamati ikitarajiwa Jumatatu kuja kuona programu ikifanya kazi, soja alinikatalia mara ya mwisho. Nilikuwa nimefungua Labda ya simu, nikajibu pale pa Kuna, na yeye akauliza lile swali lake. Na ikiwa Hakuna? Chebet alikuwa akivaa koti ng'ambo. Nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nikaandika kwamba ikiwa Hakuna, tumia hii, nikaweka namba yangu mwenyewe ya simu, kwa kujaribia tu, nitairekebisha Jumatatu mapema. Maandishi mekundu yakaondoka. "Soja amesemaje?" Chebet akauliza. "Amekubali, Madam." Akasema vizuri, na ilikuwa mara ya kwanza kuniambia vizuri.

Jumatatu kamati walikuja, wakaona, wakapiga makofi. Nilikumbuka namba yangu Jumanne, nikiwa naosha vikombe. Ningeingia tu chumbani kwake nikasema, maneno kumi yangetosha. Badala yake nilisimama nikimsikiliza akiongea na mtu kwenye simu nyuma ya plaiwudi, na nikasikia akisema juu yangu, kwa sauti ya upole tena, "Huyo msichana ako sawa. Shida ni moja, anaogopa soja kuliko anavyoogopa maji." Nilikausha vikombe nikavipanga. Sikusema siku ile wala kesho yake. Kuirekebisha kimya kimya pia sikuweza, kwa sababu soja angeniuliza tena swali lile lile, na sikuwa na jibu. Mtu asiye na simu unamtumiaje meseji? Kila nilipotazama mawingu upande wa milima ya Mau nilijiambia mvua ya mwaka huu imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nane mchana, nilikuwa nakula mezani kipimo kilipoingia, kimepita alama kwa mbali. Programu ikaanza kutuma. Nilihisi fahari kwa muda wa kumeza tonge moja. Kisha simu yangu ikatetemeka. Baba Kamau, maji yanapanda. Toka sasa uende kanisani. Ikatetemeka tena, Mama Achieng, maji yanapanda. Tena. Sikuelewa mpaka ya nne au ya tano, na nilipoelewa sikuishika. Ilitetemeka ikitembea juu ya meza mpaka ikagonga sahani, na kila ilipogonga ilikuwa nyumba moja yenye watu ndani ambao hawakuwa wameambiwa kitu. Wengine nilikuwa nimekula chakula chao. Niliyatambua majina. Mama Wairimu alikuwa wa kumi na tisa kati ya arobaini na moja.

Niliinuka nikazunguka ukuta wa plaiwudi. "Madam," nikasema, "watu wasio na simu, meseji zao zimekuja kwangu." Chebet alinyoosha mkono akachukua simu, akasoma tatu, nne. Niliona amenijua mzima mzima, Ijumaa ile na siku zote nilizonyamaza. Hakunigombeza. Alichukua funguo za gari. "Njoo na hiyo simu. Hiyo ndiyo orodha tuliyo nayo."

Njia nzima nilisoma majina. Tulimpata pasta wa Kihoto kwa simu ya Chebet, naye akagawanya vijana wa kanisa, na mimi nikamtajia nyumba moja baada ya nyingine: ya mabati ya kijani, ile ya karibu na kisima, ile yenye mbuzi. Kila aliyetolewa nilimkata kwa kalamu nyuma ya fomu. Kioo cha mbele cha gari hakikuonyesha ila mvua, na Chebet aliendesha ameinama, midomo imebana, mara moja tu akisema, "Wangapi?" Tulipopita Gilgil walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Kisha wanne. Kisha simu ikalia, pasta akasema wote wako kanisani isipokuwa mama mmoja wa karibu na posho. "Huyo amekataa kabisa. Vijana wameongea wakachoka. Ati anangoja meseji."

Maji ya Kihoto yalifika juu ya magoti, ya kahawia, yanayonuka choo. Watu waliosimama mahali palipoinuka walituonya kwamba kiboko ameonekana nyuma ya ua wa mashine ya posho, na mmoja akaongeza kwamba si mmoja, ni wawili. Chebet, aliyelelewa milimani na asiyejua kuogelea, alishika sweta yangu kwa nyuma na hakuiachilia. Sikumbuki kuwaza lolote la maana. Nilihesabu hatua kwa sauti kama mtoto, na kila kitu kilichogusa mguu wangu chini ya maji kilikuwa kiboko.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Wairimu alikuwa ameketi kitandani, miguu juu, amevaa koti lake na kitambaa cha kanisani, mfuko wake wa nguo mapajani, tayari kabisa kwa safari. Shingoni alikuwa na simu mpya, ameifunga kwa kamba ya kiatu. Maboksi ya waridi yalikuwa yamelowa na kuanza kubanduka ukutani.

"Mama, twende. Maji."

"Najua ni maji. Si niko nayo hapa ndani."

"Basi mbona umekaa?"

"Meseji haijafika." Aliinua simu anionyeshe. "Wairimu alileta wiki iliyopita. Naichaji kwa kinyozi kila siku. Hao vijana ni wale wale wa nduru. Wewe uliniambia itaniita kwa jina. Labda ni netwaki."

Ningeweza kumwambia kosa ni langu. Chebet ndiye aliyesema nyuma yangu, polepole, "Muulize namba." Wairimu alikuwa ameiandika kwa kalamu ya wino kwenye boksi kando ya kitanda, na tarakimu za mwisho zilikuwa zimeanza kuchuruzika. Niliisoma kwa sauti nikiibonyeza, nikianza na ile sifuri. Vidole vilikosea mara mbili. Niliandika yale maneno, nikatuma, tukangoja. Sufuria iliyokuwa ikielea iligonga mguu wa kitanda, ikarudi, ikagonga tena. Nje mtu alipiga nduru. Mama Wairimu hakugeuka. Alikuwa anaitazama simu kwa imani iliyonitisha kuliko maji yenyewe, kwa sababu ilikuwa imani niliyompa mimi, siku niliyokuwa nimeshiba githeri yake.

Ikalia. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akasoma neno moja moja kwa sauti. "Mama Wairimu. Maji yanapanda. Toka sasa." Akavua miwani. "Haya. Sasa mmesema," akashusha miguu majini.

Hakuna aliyekufa Kihoto siku ile. Nasema hivyo mbio kila ninaposimulia, kana kwamba kuna mtu anayenishtaki. Kesho yake Chebet aliniita chumbani kwake, akanimiminia chai, na nilidhani ni chai ya kuagana. Akasema, "Soja hakukosea. Alikuuliza swali, wewe ukamnyamazisha." Kisha akasogeza kiti changu kando ya chake, tukaivunja Labda pamoja. Tuliweka jibu la tatu, Bado, na Bado haikubaliwi bila tarehe ya kurudi kuuliza. Hakuna nayo ikakataa kupita mpaka uandike jina la mtu mwenye miguu atakayeenda kugonga mlango. Tuliiandika alasiri nzima. Jina la kwanza lililoingizwa, mbele ya nyumba zote, lilikuwa langu, na nilikuwa nimeliandika mwenyewe kabla hajaniambia.

Chebet amestaafu sasa, anafuga kondoo Molo, na nikimpigia huuliza kwanza soja amesemaje. Mama Wairimu alirudi Kihoto maji yalipopungua, akakaa kwenye kile chumba miaka mingi mpaka alipougua na binti yake akamchukua Longonot. Kila msimu wa mvua nilimwandikia kwa kidole changu mwenyewe. Mama Wairimu, maji yako chini, lala. Naye alijibu neno moja, imefika.

Jumatatu baada ya mazishi nilifungua orodha. Ilisema Kuna, na namba yake. Wairimu alikuwa ameniambia simu ameizima na kuiweka kwenye sanduku la nguo za mama. Nikabadilisha, nikaandika Hakuna. Maandishi mekundu yakatokea, kama tulivyoyafundisha. Nani ataenda? Nikaandika jina langu, na programu ikatoa karatasi: nyumba hii iendewe kwa miguu. Ningeweza kuitupa, mwenyewe hayuko tena. Jumatano nilienda Kihoto, kwenye kile chumba. Kuta zilikuwa zimevuliwa maboksi, na kwenye mabati ulionekana mstari wa maji, juu ya goti kidogo. Ndani kulikuwa na msichana amebeba mtoto mgongoni, amehamia juzi, vyombo bado viko kwenye gunia. Nikamuuliza kama ana simu.

"Iko kwa fundi, madam," akasema. "Wewe andika tu hakuna."

Woga ukaniingia, ule ule, haujapungua hata kidogo. Nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa. Nikaweka kalamu chini, nikaketi, nikamwomba aniambie jina lake polepole, pamoja na la mtoto.